Old Moshi kwa Mangi Meli: nyota nne, ya tano wakirekebisha mambo mawili matatu

Jamani kila mtu akifika Moshi utasikia Materuni, Chemka, sijui Marangu getini kupiga picha, basi amemaliza Kilimanjaro. Sina ugomvi na hizo sehemu zote nimeenda na nimefurahi, ila kuna kijiji kinaitwa Tsudunyi huko Old Moshi, kwa Mangi Meli, yule chifu (mangi ndio chifu kwa Kichagga) aliyenyongwa na Wajerumani, unapandia Kiboriloni tu hapo ukitokea mjini, na sielewi kwa nini watu hawakisemi.

Barabara kwanza. Ni mlima mwanzo mwisho, kona juu ya kona, migomba na kahawa huku na huku, na kadiri unavyopanda baridi inakufuata kwahiyo sweta beba hata kama mjini jua linachoma. Boda wanafika, ila patana nao bei kabla hujapanda na mkubaliane kabisa kama anakusubiri au anarudi, maana jioni kupata wa kukushusha ni mtihani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, zile njia za ndani udongo wake ni mwekundu na unateleza balaa, viatu vya kanisani acha nyumbani.

Sasa kitu kilichonikera. Nilipitia kampuni moja ya utalii mjini, jina siweki, wakanipa kijana mpole kabisa lakini historia hana. Tumefika kwenye mti anasema "hapa ndipo Wajerumani walimnyonga chifu", kimya, haya twende maporomoko. Yaani ndio imeisha hiyo! Bahati kulikuwa na mzee wa hapo hapo amekaa pembeni, nikamwamkia, akacheka akasema "keti mjukuu wangu, huyo kijana muache akapumzike", akaanza kusimulia na hapo ndipo safari yangu ilipoanza kweli.

Kwa kifupi kwa ambao hamjui, Mangi Meli alirithi kiti kwa baba yake Rindi, yule anayeitwa pia Mandara, ambaye alishafanya mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Mtoto hakutaka mambo hayo. Mwaka 1892 jeshi la Wajerumani likapanda kumtia adabu likachapwa, kamanda wao von Bülow akafa kwenye vita hiyo, wenyewe wakakimbia mlima. Mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi chini ya gavana von Schele ndipo Meli akashindwa. Halafu tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hapo kwenye huo mti pamoja na viongozi wengine 18, kuna Wachagga, Wameru na Waarusha, kwa madai kwamba walikuwa wanapanga uasi. Mzee anasema walivyopokea wao kwa wazee wao Meli alichukua masaa mengi kukata roho, na akilisema hilo anaangalia chini.

Mti upo mpaka leo. Umezeeka, shina limejaa makovu, matawi yametanuka, na pembeni kuna sanamu ya Meli. Watoto wa shule wanapita chini yake na madumu ya maji wala hawageuki, ila sie wageni tulisimama pale hatujui mikono tuiweke wapi. Familia inasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani na wamekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 Berlin walitangaza kwamba mafuvu matatu waliyokuwa wameyahifadhi kule DNA yake imekutana na ya familia za huku Tanzania, moja ni la Akida, mshauri mkubwa wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo. Sasa hiyo habari ukiisoma kwenye simu ni kitu kimoja, ukisimuliwa umekaa chini ya ule mti na mtu anayezijua hizo koo ni kitu kingine kabisa.

Na mji wa Moshi wenyewe mnajua ulianzia huku juu eti? Boma la Wajerumani lilikuwa huku, reli ya kutoka Tanga ilipofika chini mwanzoni mwa miaka ya 1910 ndio shughuli zikahamia tambarare, ndiyo maana huku pakabaki Old Moshi. Pita na Kidia pia kwenye kanisa la Kilutheri, Bruno Gutmann alikuwa mchungaji huku miaka mingi mpaka 1938, yule mmisionari aliyeandika sana kuhusu mila na sheria za Wachagga.

Mimi lakini kilichonimaliza ni mifongo. Ni mifereji ya maji ya zamani sana, Wachagga waliichimba kwa mikono kabla ya mkoloni, maji yanatoka juu mtoni yanazunguka ubavu wa mlima mpaka kwenye vihamba, yaani yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa. Tulimkuta baba mmoja zamu yake imefika, akang'oa bonge la udongo na kipande cha mgomba vilivyoziba, maji yakageuka yakaingia shambani kwake, akaosha miguu hapo hapo akatusalimia akaendelea na kazi. Hakuna mita wala bomba, kila mtu anajua siku yake na ukiiba maji ya mwenzio kikao kinakuhusu.

Kahawa walituonyesha kutwanga kwenye kinu na kukaanga kwenye moto wa kuni, tamu, ila hilo mtalipata popote mlimani sina la kuongeza. Chakula ndio usipime! Machalari ya nyama imeiva ndizi zinayeyuka, na parachichi pembeni. Mbege nilionja kwenye kata, ile pombe ya ndizi na ulezi, ina uchachu fulani na ni nzito kama uji, kata moja inatosha kama una safari ya kuteremka kwa miguu.

Nyota moja nimeitoa hivi. Vibao vya kuelekeza ni shida, bila mwenyeji utapita mti huo huo bila kuujua. Choo cha mgeni uliza mapema kabla mambo hayajawa magumu. Na bei hazieleweki, niliyolipa mimi na aliyolipa dada niliyemkuta pale ni mbingu na ardhi kwa matembezi yale yale.

Ushauri wangu ruka ofisi za mjini, tafuta mwongozaji anayeishi Old Moshi mwenyewe, na mwambie kabisa unataka historia kwanza maporomoko baadaye. Panda asubuhi mapema kabla mawingu hayajafunika Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro. Ukiweza nenda tarehe 2 Machi maana huwa wanamkumbuka Meli siku hiyo, ila mvua inaweza kuwa imeanza, beba mwavuli.