Mlango wa nakshi au geti la chuma?
Kwa anaejenga Bagamoyo karibu na bahari, mi nasema mlango wa nakshi kwanza. Mbao ngumu kama mvule au msaji, vipande viwili vinakutana pale kwenye mfaa, ule ubao wa kusimama wa katikati, na huo mfaa unachongwa ukachongeka kweli, halafu kando unaweka baraza, mgeni anakaa anapiga stori bila kuingia ndani kwa watu, zicheki tu zile nyumba za karne ya 19 pale Mji Mkongwe. Geti la chuma sawa, gari linapita na fundi wa kuchomelea hachelewi, ila hewa ya chumvi jamani, usipolipiga rangi ya kuzuia kutu mara kwa mara linaliwa lote. Una gari? Geti liwe la uani.