Mdoli si ni huyohuyo?

Nimepigwa elfu tatu, na aliyenipiga ana umri wa kuwa mwanangu. Hasira bado zipo hapa kooni, kwa hiyo ukikuta nimeruka mambo nivumilie.

Naongelea Chucky, ile tamthilia ya mdoli muuaji. Na ushauri wangu nautoa mapema: usianze kuiangalia. Utaipenda, halafu watakuacha kwenye mataa.

Mimi na huyu mdoli tunajuana zamani. Nilimwona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza Temeke, nikiwa darasa la tatu au la nne, nimebanwa benchi la mbele na wenzangu, shingo imepinda kwa kutazama juu. Tulikuwa tunamwita Chaki. Miaka mingi niliamini jina lake limetokana na chaki ya mwalimu, na ikitokea nimetumwa ofisini kuleta boksi la chaki nalishika kwa vidole viwili. Ile ilikuwa filamu ya kwanza kabisa, ya mwaka 1988. Muuaji Charles Lee Ray anapigwa risasi na polisi Chicago, anakimbilia duka la midoli, anasoma maneno yake ya uchawi, roho inahamia kwenye mdoli. Kisha mama mmoja anamnunulia mwanawe, Andy, mdoli huyohuyo kwa mchuuzi wa uchochoroni, kwa bei ya chee. Hapo sisi watoto wa uswahilini hatukuhitaji kufafanuliwa. Kitu kizuri halafu cha bei chee, kina mwenyewe.

Baadaye wakaharibu, au niliona hivyo. Mwaka 1998 kaoa, 2004 kazaa. Nikamwacha na familia yake.

Kwa hiyo niliposikia amerudi kwenye televisheni, kwamba mwaka 2021 alianza kuonyeshwa huko kwao Marekani kwenye vituo vya Syfy na USA Network, nilinunua msimu wa kwanza ili nicheke tu. Nilikuwa nimepumzika nyumbani kwa sababu ya mguu, sina kazi. Vipande vinane. Nilianza baada ya chakula cha usiku, na mke wangu alipoamka alfajiri alinikuta palepale kwenye kochi, mguu juu ya stuli, chai ya jana imeganda utando.

Walichofanya ni kumrudishia kalamu mwenyewe. Don Mancini, aliyeitunga hadithi hii tangu mwanzo, ndiye aliyeisimamia tamthilia. Sauti ya mdoli ni ya Brad Dourif yuleyule wa 1988, ile sauti ya mtu anayekucheka huku anakutafutia pa kukuchoma. Na Andy! Andy ni Alex Vincent, yule mtoto mwenyewe, sasa jitu zima lenye ndevu, bado anamsaka mdoli. Nilipomwona nilisimama, nikasahau mguu. Sisi wa benchi la mbele tumezeeka naye bwana.

Lakini si Andy aliyenishika. Ni huyu mpya, Jake Wheeler, kijana wa miaka kumi na minne wa Hackensack, New Jersey. Mama hana, baba mlevi. Kazi yake ni kuokota midoli mibovu na kuibandika viungo mpaka iwe sanamu. Siku moja anakuta mdoli kwenye mnada wa vitu vya ndani ya nyumba, mitumba yao hiyo, anaondoka naye. Ukiwa umezoea Chaki wa zamani unasubiri amchinje Jake. Hamchinji. Anakaa naye chumbani, anamsikiliza. Baba anakufa kwa shoti ya umeme, Jake anahamia kwa baba yake mdogo, wakubwa wote wanapita wakimpa pole na kuondoka, na anayebaki kitandani kuuliza nani alikuonea leo shuleni ni mdoli. Anataka Jake mwenyewe ashike kisu. Taratibu, kama yule mjomba asiye na kazi anayekufundisha sigara kwa upole kabisa.

Nina binti wa miaka kumi na mitatu. Nilikizima kipande cha tano, nikaenda kugonga mlango wake, nikamuuliza shule inaendaje. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Baba, saa nane usiku.

Kuna jambo nisilifiche: Jake anampenda kijana mwenzake, Devon, na Mancini, ambaye mwenyewe hafichi kwamba yuko hivyo, hakuliweka pembeni. Wapo watakaozima hapo, ni juu yao. Mimi kilichonikaa kichwani ni kwamba katika nyumba nzima mdoli muuaji ndiye aliyelipokea bila kupiga kelele, na hapo ndipo anampata mtoto.

Mengine nayapitia haraka. Fiona, binti wa Brad Dourif, anaigiza Nica, mwanamke aliyeingiliwa na roho ya Chucky, halafu tunaporudishwa zamani anavalishwa uso wa Charles Lee Ray kijana, na baba yake anamtilia sauti. Baba na mwana mwili mmoja. Nilirudisha nyuma mara tatu nikamwangalie mdomo. Mwigizaji Devon Sawa, si yule Devon wa Jake, anaigiza mapacha msimu wa kwanza, padri wa pili, rais wa Marekani wa tatu. Ukimwona katokea, muage. Msimu wa pili shule ya Kikatoliki, wa tatu Ikulu ya Marekani kabisa. Nilisema hapa wamekunywa, lakini Chucky anazeeka, mungu wake Damballa kamkataa, nywele zinanyonyoka, na ukimwona pale chini ya meza za wakubwa unamhurumia mshenzi. Na Brad Dourif mwenyewe anatokea kwa mwili wake, mzee wa watu. Nilipiga makofi peke yangu.

Sasa huo msimu wa tatu. Waliukata katikati, vipande vinne mwaka 2023, vinne mwaka 2024. Sawa, nilisubiri. Na mwisho wake, atakayechukia kuambiwa aruke mistari miwili: wale watoto watatu, Jake, Devon na mwenzao Lexy, niliowabeba misimu yote hiyo, wanageuzwa wao wenyewe midoli. Macho yanatembea, mwili hautembei. Basi. Giza. Halafu Septemba 2024 tamthilia ikafutwa.

Sisi tulifundishwa kwamba steringi hafi. Na akifa, basi tumzike. Hawa hawajafa, hawajapona, wamening'inia tu. Niliilaumu kampuni, nikamlaumu Mancini, ungejuaje utapewa msimu mwingine, funga kwanza mlango ndiyo ulale. Baadaye nikasema labda mtunzi hana kosa, angefunga ingekuwa mbaya. Mpaka leo sijui namlaumu nani. Ushauri wangu nauweka sawa: angalia, lakini ishia msimu wa pili.

Hapo nikiwa na kidonda hicho ndipo anaingia kijana wa muvi.

Ana banda karibu na kituo cha daladala, kompyuta moja, feni moja, mabango ya Wakorea. Nilipita siku hiyo kumwekea mke wangu tamthilia zake. Akaniambia, "Mzee wangu, Chucky sizoni four imetoka. Vipande vinane. Ila ni HD, elfu tatu." Nilijua imefutwa. Nilisoma kwa macho yangu. Lakini mtu mwenye msiba akiambiwa marehemu kaonekana sokoni anakwenda sokoni. Nikatoa elfu tatu, nikatoa na flashi.

Kipande cha kwanza kinaanzia kiwandani, Vietnam. Nikajisemea, Mancini kapanua mambo, kafika mpaka Asia. Mfanyakazi kakaripiwa na bosi, anakichokonoa kichwa cha mdoli kwa hasira na kuondoa kila kizuizi. Sawa. Kikakata. Dakika kumi na moja. Nikaona fupi, lakini siku hizi ndivyo. Kipande cha pili kuna mtoto, anaitwa Andy. Moyo ukaruka, nikajua wameturudisha utotoni. Tena nikamwita mke wangu aje aone! Akaja na sufuria mkononi, kitambaa begani.

Kisha mdoli akaongea.

Sauti siyo. Mtu aliyeisikia ile sauti gizani akiwa na miaka tisa humdanganyi. Mdoli anawaka kidole, anawasha televisheni, anajitambulisha Buddi. Ilikuwa ile filamu ya 2019, ya kampuni nyingine iliyokuwa na haki za filamu ya kwanza, ambayo Mancini hakuigusa kabisa! Sauti ya Mark Hamill, simlaumu, kaimba vizuri ngoma isiyo yake. Dogo kaikata vipande vinane, kila kimoja kakipa namba, kaviita msimu wa nne.

Kesho yake nilikuwa bandani kabla hajafungua. Nikamwambia mdogo wangu, umeniuzia nini? Hakushtuka. Alikuwa anakula chapati, akaifuta midomo, akaniangalia kwa ile huruma wanayowaangalia wazee wasiojua kutumia simu.

"Mzee wangu, mdoli si ni huyohuyo?"

Huyohuyo! Nilizungumza nadhani robo saa. Makonda wa kituoni walisogea. Nikamwambia yule wa kwangu ana mtu ndani, ana jina la ukoo, ana mke, ana hasira zake za tangu Chicago. Huyu wa kwako hana roho, ni simu mbovu iliyowekewa miguu. Wa kwangu anaua kwa sababu anapenda, wa kwako anaua kwa sababu fundi kachokonoa waya. Konda mmoja akasema mzee anajua. Na katikati ya kelele zangu nikajisikia ninavyoitetea tamthilia niliyokuwa nimeitukana mwezi mzima. Kwa hiyo futa niliyosema juu. Angalia vipande vyote ishirini na vinne, ning'inia na wenzako.

Elfu tatu hakurudisha. Alisema hela ikishaingia kwa bosi haitoki, ila ataniwekea kitu kingine bure, nichague chochote.

Nikamwambia niwekee ile ya 1988.

Akatafuta kwenye kompyuta, akashuka, akapanda, feni inapepea mabango. Akanigeukia.

"Ndiyo ipi hiyo, mzee wangu? Chucky si alianza na tamthilia?"