Kabati kuukuu, rangi ipi? Chaguo la kwanza hadi la mwisho kwa hewa ya Mtwara

Bibi yangu wa Mikindani aliniachia kabati la vyombo. Lilikuwa limepakwa kijani juu ya kijani hadi michongo ya mlangoni ikafukiwa. Mara ya kwanza nililipaka rangi ya maji iliyobaki baada ya kupaka sebule. Ilikauka upesi, ikapendeza. Mvua zilipoanza, mlango ukagandana na fremu, na nilipouvuta rangi ikabanduka kipande kizima, na kijani cha zamani kikachungulia chini yake. Iliniuma, maana lile kabati ni kumbukumbu.

Pwani hii mbao huvuta unyevu msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, ikavimba. Kipupwe kikija inanywea. Rangi isiyoshika vizuri haivumilii mchezo huo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi ya kopo, kwangua kidogo mgongoni mwa kabati uone limetengenezwa kwa mbao gani.

La kwanza: rangi ya mafuta, pamoja na andakoti yake, yaani rangi ya chini inayotangulia. Kwa kabati la msonobari, la plaiwudi, au lenye viraka vya mbao mchanganyiko, sijaona cha kuishinda kati ya vitu vinavyopatikana madukani kwetu. Inafutika kwa kitambaa chenye maji, haigandani ikishakomaa, na inastahimili mikono ya watoto. Wauzaji wengi watakupa kopo la rangi peke yake usipouliza; wewe uliza andakoti. Ndiyo inayoshika mbao na kuficha rangi ya zamani, na kama fedha ni kidogo, heri upunguze ubora wa kitasa kuliko kuiacha.

Kiasi? Kabati la urefu wa mita 2, upana mita 1.2 na kina nusu mita lina kama mita 5 za mraba kwa nje, ukihesabu mbele, ubavu wa pande zote mbili na juu. Lita moja ya rangi ya mafuta hupaka takriban mita 10 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Basi lita moja inatosha mikono miwili. Usikubali kuuziwa galoni ya lita 4 kwa kabati moja.

Angalizo kuhusu nyeupe: rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, hasa chumba kikiwa na giza. Kabati likikaa ukumbini pasipo na dirisha, chagua rangi ya maziwa au kijivu.

La pili: vanishi. Ukikwangua ukakuta wekundu wa mninga, au mkongo, simama hapo hapo. Usiifunike mbao hiyo kwa rangi, tafadhali. Ondoa rangi ya zamani, paka sendingi sila (ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi), piga msasa laini, kisha vanishi mikono miwili au mitatu. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: kuondoa rangi yote ya zamani ni kazi ya siku nyingi. Ila kwa mninga, kwangu mimi ndiyo ya kwanza. (Wengi hapa hawajui kwamba mafuta meusi ya ganda la korosho hutumika viwandani kutengenezea vanishi na rangi. Usiyajaribu mabichi nyumbani, yanababua ngozi.)

La tatu: rangi ya kupulizia ya fundi, ile inayochanganywa na tina, kimiminika cha kuizimulia. Inang'aa kama kioo na inakauka kwa dakika chache. Tatizo ni hewa yetu: ikipulizwa siku ya unyevu mwingi, inaingia ukungu mweupe kama maziwa. Tena ikipigwa juu ya rangi ya mafuta ya zamani, ile ya chini hukunjamana. Mpe fundi kazi hiyo Julai au Agosti, na kwenye mbao iliyokwanguliwa ikawa tupu.

La mwisho: rangi ya maji ya ukutani. Ni rahisi, haina harufu kali, na ndiyo iliyoniharibia kabati. Iache ukutani.

Msasa nao ni ununuzi, si nyongeza. Chukua namba 80 kwa kukwangua, 120 kusawazisha, na 240 kati ya mkono na mkono. Kama samani ni ya zamani sana, nunua msasa wa maji na ufanye kazi ukiwa umelowesha, kwa kuwa rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Fanyia nje, vaa barakoa, na usifagie vumbi likiwa kavu. Futa kwa kitambaa kibichi.

Kila mkono wa rangi ya mafuta uache siku nzima kabla ya unaofuata, na siku ya mawingu mazito uache mbili. Baada ya mkono wa mwisho, milango ikae wazi wiki nzima. Vyombo virudi baadaye, na usitandike gazeti kwenye rafu mpya: rangi ikiwa bado laini inaling'ang'ania, na maandishi yake yatabaki hapo.