Skuta ya Kukodi kwa Safari ya Mbeya hadi Matema: Ipi Uchukue, Ipi Uiache

Julai ya mwaka juzi mdogo wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam, tukakubaliana twende ziwani Matema kwa skuta. Tulikodi ya cc 110, safi kwa macho, rangi ya kuvutia, tairi za inchi 10. Kutoka Uyole tulipanda kwa shida, lakini Isongole tulifika. Balaa lilianza tulipoanza kushuka kuelekea Kiwira. Breki ya nyuma, ya ngoma, ikawa laini mkononi. Nikabana zaidi, ikalegea zaidi, kisha tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nilisimamisha kwa breki ya mbele peke yake, pembeni penye wauza viazi. Mama mmoja akatusogezea ndoo tukalie. "Poleni, wanangu. Kaeni kwanza hicho chuma kipoe, mteremko wenyewe bado uko mbele."

Tulikaa karibu nusu saa. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza skuta ya kukodi huku kwetu, swali langu la kwanza ni breki. Injini huja baadaye, na sura ya skuta siiulizi kabisa.

Itazame barabara yenyewe. Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Unapanda hadi Isongole, kwenye baridi na ukungu, unavuka mita 2,000, halafu unashuka Kiwira, Tukuyu, migomba na mashamba ya chai, mpaka Ziwa Nyasa ambalo liko chini ya mita 500. Yote hayo ndani ya safari isiyofika kilomita 150. Na siku ya kurudi unaupanda mlima wote huo.

Kwenye Boxer au pikipiki yoyote ya gia, mteremko kama huu hausumbui sana: unarudisha gia ya pili, injini inakushikilia. Skuta haina gia ya kurudisha. Ina mkanda unaozunguka kati ya puli mbili, rola zinazousukuma mkanda kupanda na kushuka kadiri injini inavyokwenda kasi, na klachi ya nyuma ambayo hushika injini ikichangamka na huachia injini ikipunguza mzunguko. Ukiachia mafuta ukiwa na mwendo, injini hukushikilia kidogo. Mwendo ukipungua sana, klachi inaachia kabisa, nawe unateremka kama uko kwenye baiskeli. Kazi yote inabaki kwa breki. Kwa hiyo skuta yenye breki dhaifu, ambayo Dar ingekufikisha sokoni bila tatizo, hapa inaweza kukumaliza.

Kitu cha pili ni hewa. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Pale Isongole, cc 125 inavuta kama cc 100. Mpakie abiria na begi, hesabu inabadilika kabisa. Skuta ya kabureta huumia zaidi, kwa sababu inaendelea kumwaga mafuta kwa kipimo kilekile wakati hewa imepungua. Plagi inaingia masizi na injini inakohoa. Ya mfumo wa sindano, yaani isiyo na kabureta, hujirekebisha yenyewe.

Jambo moja kabla ya kupanga nafasi. Mbeya haina safu ya ofisi za kukodisha skuta kama utakavyozikuta Nungwi au Paje kule Zanzibar. Huku mara nyingi skuta unaipata kwa mtu: unauliza mahali ulipofikia, au kwa fundi, au kwa mwenye skuta yake aliyeiweka tu nyumbani. Unachukua iliyopo. Kwa hiyo nazipanga kwa aina zaidi kuliko kwa jina la kampuni, ili hata ukiletewa usiyoitarajia ujue iko daraja gani.

Ya kwanza: cc 150 hadi 160, ya sindano, inayopozwa kwa maji

Hapa sina kusitasita. Yamaha NMAX 155 na Honda PCX 150 au 160 ndizo skuta zilizotengenezwa kwa kazi inayofanana na hii: watu wawili, mzigo kiasi, mlima, siku nzima. Ukubwa wake ni wa kati. Uzito unazungukia kilo 130, kwa hiyo hata dada mwenye mwili mdogo anaisogeza bila kuomba msaada, na kiti kiko kama sentimita 76 kutoka chini, miguu inakanyaga.

Kati ya hizo mbili, nikiwa na abiria nachagua NMAX. Sababu ni diski mbele na nyuma. Diski iko wazi, upepo unaipoza. Ngoma inafungia joto ndani. PCX nyingi za miaka ya nyuma zina diski mbele na ngoma nyuma, kwa hiyo inama utazame kabla ya kukubali. Ukikuta PCX yenye diski zote mbili, basi imeshinda kwa mambo mengine: tangi la lita 8 na nafasi pana chini ya kiti, inayomeza helmeti, koti la mvua na nguo za siku mbili. Kwa ulaji wa kilomita 35 hadi 40 kwa lita, tangi hilo lenyewe linakupeleka Matema na kukurudisha karibu njia yote.

Kuna pia Honda ADV 160, yenye injini ya ukoo mmoja na PCX 160 lakini imeinuliwa na shokapu zake ni ndefu zaidi. Ukiipata, na unapanga kuingia njia za vumbi kwenda Daraja la Mungu au maporomoko ya Kaporogwe, ichukue mbele ya zote. Mtu mfupi aikalie kwanza, maana kiti chake kiko juu zaidi.

Leseni nayo uiangalie. Pikipiki inayozidi cc 125 inadai daraja A. Mwenye A1 peke yake aishie cc 125, hata kama mwenye skuta anasema haina shida. Trafiki akikusimamisha Tukuyu, shida inakuwa yako.

Ya pili: cc 125 ya sindano, kwa msafiri mmoja

Honda Click 125 ni mfano mzuri: inapozwa kwa maji, tairi za inchi 14, uzito chini ya kilo 115. Kwa mtu mmoja mwenye begi dogo, naipenda karibu sawa na zile za juu, na kwenye foleni ya Mwanjelwa ni raha kuliko zote. Mlima wa Isongole utaupanda polepole, upande wa kushoto, ukiwaachia nafasi wenye haraka. Wawili, hapana. Nyuma ina ngoma, na uzito wa watu wawili kwenye mteremko wa Kiwira unaturudisha kwenye ndoo ya yule mama.

Inchi 14 si jambo la kupuuza. Barabara zetu zina matuta na rasta kila kijiji, na mashimo ambayo mvua ya Rungwe huyachimba upya kila msimu. Tairi kubwa linapita juu ya shimo. La inchi 10 linaingia ndani.

Ya tatu: cc 150 ya Kichina, inayopozwa kwa upepo

Hii ndiyo utakayoletewa mara nyingi kuliko zile za juu, kwa hiyo nitakaa nayo. Nyingi zina injini ya aina ya GY6, ambayo viwanda vingi vya China vimeinakili kwa miaka mingi. Faida yake ni kwamba fundi mwenye uzoefu wa skuta ameshaifungua, na mkanda au rola zake hazina ugumu kuzipata. Ubaya wake ni kwamba nyingi ni za kabureta, na ubora wake unategemea aliyeitunza. Nimeendesha moja iliyonipeleka Kyela na kunirudisha bila kukohoa hata mara moja. Nimeendesha nyingine, yenye cc zilezile, ikakata mkanda kabla sijafika Igawilo.

Kwa hiyo usiulize ni ya mwaka gani. Uliza mkanda umebadilishwa lini. Mwenye skuta anayejua jibu ni mtu anayeitunza. Akikutazama kama hujaeleweka, au akakwambia "hii haijawahi kusumbua," mkanda huo ni ule iliozaliwa nao. Mkanda ukikatika katikati ya mlima, hakuna cha kufunga kwa kamba ya mpira. Unaisukuma mpaka kijijini.

Vespa nitazipitia haraka. Bodi yake ya chuma ni imara na ya cc 150 inavuta vizuri, lakini tairi ni dogo, na bodi ikibonyea hapa hata ukiwa na pesa hupati wa kuinyoosha vizuri. Kwa kuzunguka Mbeya mjini na kupiga picha, sawa.

Zile kubwa za cc 250 na 300, kama Yamaha XMAX, zina nguvu na breki za kutosha, lakini zinakaribia kilo 180. Kwenye lami ni mfalme. Ukiingia udongo mwekundu uliolowa, ikaegemea upande, hutaiinua peke yako. Na cc 110 kushuka chini mwisho wake uwe Uyole. Cc 50 usiipokee hata kwa bure.

Siku ya kuichukua

Fika asubuhi injini ikiwa baridi. Mwenye skuta akiwa ameshaiwasha kabla hujafika, iguse, na kama ni ya moto jiulize anaficha nini. Skuta isiyowaka kwa baridi hapa Mbeya itakuaibisha kila alfajiri ya Juni na Julai. Iwashe kwa selfu, halafu iwashe kwa kiki kama inayo.

Bana breki ya mbele kwa nguvu na usukume: isisogee. Fanya vivyo hivyo kwa nyuma. Ukiweza, panda nayo mlima mfupi wenye abiria yule utakayekwenda naye. Ikitetemeka inapoanza kuondoka, viatu vya klachi vimekwisha au vina mafuta. Ikipiga kelele ya kukwaruza upande wa kushoto, kwenye kasha la mkanda, iache hapohapo.

Tazama tairi ya nyuma katikati, siyo pembeni, maana katikati ndiko inakoisha kwanza. Piga picha kila mkwaruzo, mwenye skuta akiwa anaona. Kadi ya usajili uione, namba zilingane na kibao. Bima uihakiki kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na umuulize kama inaruhusu kukodishwa. Bima ndogo ya matumizi binafsi si sawa na ya biashara. Amana ya fedha ni jambo la kawaida, mwandikiane. Kitambulisho chako halisi usimwachie mtu, mpe nakala.

Helmeti mbili, na zote zifungike kidevuni. Glavu ni zako mwenyewe, nazo si anasa: Isongole vidole vikifa ganzi hubani breki.

Ukishuka

Usibane breki mfululizo. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, punguza mwendo, achia, ipoe, bana tena, mbele na nyuma pamoja. Usizime injini ili kuokoa mafuta. Nimewaona watu wakifanya hivyo na inanitia hofu. Acha mwendo kidogo unaotosha klachi isiachie kabisa. Malori na mabasi ya mpakani Kasumulu yapishe mapema, kabla hayajakufikia mgongoni.

Wa Iringa nao wameniuliza. Kwenda Isimila au Kalenga, yoyote ya daraja la pili inatosha. Mlima Kitonga sikushauri kwa skuta ya aina yoyote, kwa sababu ya malori. Na kama likizo yako ni maua ya Hifadhi ya Kitulo, njia ya Chimala kwenda Matamba ina kona 57, ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati maua yenyewe yanapochanua, kuanzia Desemba. Huko acha skuta nyumbani, kodi Boxer pamoja na kijana anayeijua njia, umlipe vizuri.

Kurudi kutoka Matema, ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Injini inapanda vizuri kukiwa na baridi, mvua ya Tukuyu hupenda mchana, na ukifika Isongole mapema yule mama wa viazi anakuwa ndiyo kwanza anapanga ndoo zake.