Ensaiklopidia ya kwenye kadi, bila mtandao: uzoefu wangu hapa Goma, nikifundisha Aldabra

Ninafundisha jiografia sekondari hapa Goma, na mwaka huu wa masomo ninatumia ensaiklopidia ya Kifaransa iliyojazwa kwenye kadi ya memori. Kuna vijana mtaani Birere wanaofanya kazi hiyo: unawapelekea kadi, wanakukopia faili moja kubwa na programu ya kuisomea, unaiingiza kwenye simu na kusoma bila kununua mega za intaneti. Walimu wenzangu wananiuliza kama inafaa. Inafaa sana, na nitaeleza kwa somo moja tu, visiwa vya matumbawe, maana ndilo nililolichimba mpaka chini.

Kitabu chetu kina aya moja juu ya atoli, yaani visiwa vya matumbawe vilivyokaa kama pete, na mchoro wa duara. Mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Kivu hajawahi kuona maji yakipwa na kujaa, kwa hiyo aya hiyo haimwachii kitu. Kwenye kadi nilitafuta Aldabra, atoli ya Shelisheli, kwa kuwa iko upande wetu wa dunia: kama kilomita 420 kaskazini-magharibi mwa Madagaska, na kama 640 kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Makala ilifunguka pamoja na ramani na picha iliyopigwa kutoka angani. Ni pete ya urefu wa kilomita 34 hivi, yenye visiwa vinne vikubwa, Grande Terre, Malabar, Polymnie na Picard, na katikati yake lagoni, yaani maji ya bahari yaliyozungukwa na pete hiyo. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya lagoni hukauka, maji yakitoka kupitia milango michache kati ya visiwa, kisha yakijaa hurudi kwa nguvu. Hapo kipindi kizima kiliisha, na sikujuta.

Faida kubwa ya kadi hii ni viungo. Unagusa neno ndani ya makala, makala nyingine inafunguka, na mtandao umezimwa. Kutoka Aldabra niligusa «atoll» nikafika kwa Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza. Mwaka 1836 alikanyaga visiwa vya Keeling, atoli ya Bahari ya Hindi, na mwaka 1842 akatoa maelezo yake: volkano inatokea baharini, matumbawe yanaota kuzunguka ufuko wake, mlima unaanza kuzama polepole, nayo matumbawe yanaendelea kujijenga kwenda juu kwa sababu bila mwanga wa jua hayaishi. Mwisho mlima umepotea, pete imebaki. Mwaka 1952 walitoboa Enewetak, katika Visiwa vya Marshall, wakapita zaidi ya mita 1,200 za mawe ya matumbawe kabla ya kugonga jiwe la volkano. Wanafunzi wangu waliikimbia volkano yetu ya Nyiragongo Mei 2021, na ya Januari 2002 wameisikia kwa wazazi wao. Kwao volkano ni kitu kinachopanda na kumwaga. Kusikia kwamba volkano inaweza kuzama na kuacha viumbe vidogo vikijenga juu yake kuliwafanya wabishane mpaka kengele ikapigwa.

Kuna picha moja niliyoikuza kadiri simu ilivyoweza: ardhi ya Aldabra, kijivu, imejaa matundu na ncha kali kama meno. Kijana mmoja wa nyuma akasema, «Mwalimu, lakini hii ni kwetu, ni volkano ya 2002!» Ukiangalia haraka, kweli ni kama viwanja vyetu. Nikawaambia waangalie vizuri, ndani ya jiwe kuna alama za matumbawe na makombe. Ni chokaa, mabaki ya mwamba uliokuwa chini ya bahari miaka kama 125,000 iliyopita, na leo umesimama mpaka mita 8 hivi juu ya maji. Maji ya kunywa ni adimu mno huko, na ndiyo sababu moja ya watu kutojenga mji. Kobe wakubwa ndio wenye kisiwa, karibu 100,000, wengi kuliko wale wa Galápagos. Mabaharia waliwabeba kwa ajili ya nyama mpaka mwaka 1874 Darwin na wanasayansi wenzake wakamwandikia gavana wa Morisi barua ya kuwatetea.

Sehemu iliyonifunga kabisa ni historia. Novemba 1965 Uingereza ilikata visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, kutoka Morisi, na Aldabra, Farquhar na Desroches kutoka Shelisheli, ikaunda koloni jipya kwa ajili ya jeshi. Aldabra ilipangiwa uwanja wa ndege za kivita. Wanasayansi wa Uingereza na Marekani walipiga kelele, wabunge wakauliza maswali, na Novemba 1967, pauni iliposhushwa thamani, mpango ukafutwa. Aldabra ikarudi kwa Shelisheli mwaka 1976 na kuingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1982.

Kiungo kinachofuata ni Diego Garcia, atoli yenye kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Chagos. Huko waliishi watu, wengi wao wazao wa watumwa walioletwa kutoka Madagaska na Msumbiji kufanya kazi kwenye minazi. Kambi ya Marekani ilipotakiwa kujengwa, mwaka 1971 wakaaji wa Diego Garcia waliondolewa na mbwa wao wakauawa. Kufikia 1973 visiwa vingine vya Chagos navyo vilikuwa vimemalizwa, na watu wameshushwa Morisi na Shelisheli. Nilizisoma makala hizo mbili kwa kufuatana na moyo ukaniuma: kobe walipata watetezi kwa wakati, watu hawakupata. Darasani sikuhitaji kueleza kuhamishwa ni nini. Nina wanafunzi waliokimbia vita Masisi na Rutshuru wakafika hapa na godoro kichwani. Msichana mmoja aliuliza kama wale watu waliruhusiwa hata kurudi kusafisha makaburi. Tulikaa na swali hilo muda mrefu.

Sasa kasoro. Toleo nililopewa ni la zamani. Linataja maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Februari 2019, kwamba Uingereza iache kuitawala Chagos, lakini mkataba ambao Uingereza na Morisi zilitia saini Mei 2025 haumo, nilitumia mega zangu kuusoma. Niliongezewa na sehemu ya Kiswahili, ila ni nyembamba mno, mistari michache kwa mambo yanayostahili kurasa, na hilo linaniudhi kwa sababu wanafunzi wangu hufikiri kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa. Video hazimo. Ramani ukizikuza sana zinafifia.

Ukienda, omba toleo lenye picha, maana lile la maandishi peke yake ni rahisi lakini kwa jiografia halisaidii. Beba kadi ya gigabaiti 64 au zaidi, na umwambie kijana aiformati kwa exFAT, la sivyo faili inayozidi gigabaiti 4 haitaingia. Uliza toleo ni la mwezi na mwaka gani. Kabla ya kulipa, zima mtandao wa simu ukiwa bado umesimama pale, fungua makala yenye picha nyingi, gusa viungo viwili vitatu, na kama kimoja kinakataa, arudie kukopi.