Trekta dogo la farasi 24 katika shamba la ekari sita, Njoro

Shamba langu la Njoro lina ekari sita. Ekari mbili na nusu ni mahindi na maharagwe, moja na nusu ni nyasi za Rhodes za ng'ombe watatu, na zilizobaki zimegawanywa kati ya miparachichi na boma. Kwa kuwa kazi yangu ya mshahara iko mjini Nakuru na shambani hufika Jumamosi na sikukuu tu, kwa miaka saba nilitegemea trekta la kukodi, na yeyote aliyelima upande huu anajua mwezi wa Machi ulivyo: mvua ikianza kunukia, wakulima wote humpigia simu dereva yuleyule, naye huanza na mwenye ekari ishirini, akaja kwa mwenye mbili ardhi ikiwa imeshalowa. Mwaka juzi nilipanda wiki tatu baada ya majirani zangu. Nilipovuna na kuhesabu magunia, niliamua kununua trekta langu mwenyewe, dogo, la kunitosha. Nimelitumia kwa misimu miwili, na tathmini hii ni ya mtu mwenye ekari tatu hadi kumi aliyeingiwa na wazo kama langu.

Nililonunua ni trekta la Japani lililokwisha kutumika, lenye injini ya dizeli ya silinda tatu na nguvu za farasi 24, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na liliuzwa pamoja na rotaveta yake, mashine ya visu vinavyozunguka kusaga udongo, ya upana wa sentimita 120. Matrekta mengi ya daraja hili yanayotoka Japani, yawe ya Kubota, Yanmar au Iseki, yalikusudiwa mashamba madogo ya mpunga, ambako wepesi ni sifa kwa sababu trekta zito huzama matopeni. Ndiyo maana shemeji yangu, anayelima mpunga Ahero, alilipenda mara tu alipoliona, ilhali fundi wangu wa Njoro alilizunguka mara mbili kimya kisha akauliza lina kilo ngapi. Nilimjibu kwamba lina farasi 24. Akarudia swali lake.

Halifiki kilo 800, na fundi alikuwa na haki ya kuuliza. Trekta halivuti kwa injini peke yake. Huvuta kwa kadiri magurudumu yanavyoikamata ardhi, na yanaikamata kwa uzito. Isitoshe, hata hizo farasi 24 huku kwetu si 24. Injini ya dizeli isiyo na tabochaja, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, na Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu hiyo farasi zilizoandikwa kwenye bamba hubaki kama 19, na zikishapita katika gia mpaka kwenye shafti ya nyuma inayozungusha vifaa, sitegemei zaidi ya 16. Mkulima wa Ahero, chini kule, hupoteza zaidi kidogo ya nusu ya ninazopoteza mimi. Wa Molo, juu zaidi yangu, hupoteza kunizidi. Muuzaji hakuniambia hayo, nami sikuuliza.

Niliyathibitisha Jumamosi moja ya Januari, nilipoazima plau ya diski mbili kwa jirani. Kwanza haikuingia: pini zake zilikuwa za milimita 28, na mikono ya trekta langu hupokea za milimita 22, kwa hiyo nusu siku ikaishia kwa mchomeleaji. Tulipoanza kulima, udongo wetu wa majivu ya volkeno, ambao juu ni laini kama unga, uliifungulia diski sentimita saba au nane, kisha diski ikagonga lile tabaka gumu lililojijenga chini kwa miaka ya kulimwa kwa kina kilekile. Magurudumu ya nyuma yakazunguka papo hapo na kuchimba mashimo mawili, vumbi likapanda, na pua ya trekta ikainuka kiasi cha kuniwezesha kuona mwanga kati ya tairi la mbele na ardhi. Nilikanyaga klachi, nikashuka, nikaketi kwenye mtaro. Jirani, kwa adabu, alijifanya anatazama mahindi makavu ya mwaka uliopita.

Tangu siku hiyo sijajaribu tena kulifanya litifue ardhi iliyolala. Januari, wakati matrekta makubwa hayana kazi nyingi na dereva huja siku aliyosema, nalipa kati ya shilingi 3,000 na 3,500 kwa ekari, trekta kubwa linavunja ardhi kwa kina na kuondoka, kisha mabonge huachwa kwenye jua. Mvua zinapokaribia, rotaveta yangu huyasaga kwa siku ninayoitaka mimi. Sikuacha kukodi, basi. Nilihamisha mwezi wa kukodi. Ukiuliza kama hiyo ni sababu ya kutosha ya kununua mashine, kwangu ilitosha, kwa maana msimu uliopita nilipanda siku nne baada ya mvua ya kwanza.

Katika kazi yake halisi trekta hili ni zuri kupita nilivyotarajia. Rotaveta humaliza ekari moja iliyokwisha kuvunjwa kwa saa mbili na dakika chache, likinywa lita tatu hadi nne za dizeli kwa saa, na kitalu kinachobaki nyuma hakihitaji hara ya kulainisha. Kati ya mistari ya miparachichi, ambako trekta kubwa lilikuwa likivunja matawi kila lilipogeuka, hili hupita na kugeuka bila kugusa jani. Mashine ya kukatia nyasi ya upana wa mita 1.2 hulimeza shamba la Rhodes kwa asubuhi moja. Treila ya tani moja hubeba samadi kutoka boma hadi shambani, na kazi hii ndogo isiyo na sifa, ambayo sikuifikiria hata kidogo wakati wa kununua, ndiyo inayokula saa zake nyingi zaidi.

Kupalilia mahindi, hapana. Nilipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari, kama tunavyopanda wengi, nikidhani nitapita nalo mimea ikifika magotini. Ili trekta liruke mistari miwili, upana kati ya katikati ya tairi moja na jingine unapaswa kuwa sentimita 150. Langu lina 95, na upana huo hauongezeki. Tairi linakanyaga mstari tu. Jembe la mkono lingali na kazi yake.

Kwa kuwa lilitengenezwa kwa soko la Japani, maandishi yote yaliyo mwilini mwake ni ya Kijapani, na hapo nusura nilipie masomo kwa gharama kubwa. Picha mbili tu ndizo nilizozielewa, sungura na kobe kwenye wenzo wa mafuta, na kwa mtu aliyelelewa na hadithi za wanyama hao maelezo zaidi hayakuhitajika. Lakini wenzo wa shafti ya nyuma una namba 1 hadi 3, kila namba na kasi yake, ilhali vifaa vingi vinavyouzwa hapa vimetengenezwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Kwenye trekta langu namba 1 ndiyo iliyo karibu na 540. Namba 3 huipita mara mbili. Kijana wangu wa kazi aliweka namba 3 na mashine ya nyasi ikalia kama ndege inayoruka. Nilizima kabla visu havijang'oka, na sasa pana alama ya rangi nyekundu kwenye namba hiyo.

Kuhusu ununuzi wenyewe, nina lawama moja, na sehemu yake ni yangu. Nilipofika kwenye yadi, injini ilikuwa tayari inanguruma, nami nikafurahi kwamba inawaka vizuri. Injini iliyopashwa moto huficha mengi. Mwombe muuzaji asiiguse mpaka ufike, weka kiganja kwenye bloku uone ni baridi, ndipo iwashwe mbele yako, na utazame moshi. Wa buluu unaoendelea baada ya injini kupata joto ni oili inayoungua. Chomoa kijiti cha oili ya gia: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kisha inua rotaveta juu kabisa, zima injini, ukatembee dakika kumi, urudi uone kama imeshuka. Yangu ilikuwa imeshuka hadi chini wiki ya pili nyumbani, na sili za haidroliki, zinazozuia oili ya kuinulia vifaa isivuje, zilinigharimu safari tatu za mjini, kwa sababu yadi iliyoniuzia haikuwa na vipuri wala nia ya kuvitafuta. Filta za oili na dizeli nilipata zinazolingana katika maduka ya kawaida ya vipuri Nakuru. Tairi ni habari nyingine: kwenye trekta linalovuta kwa magurudumu manne, za mbele na za nyuma lazima kila moja ibaki na kipimo chake cha awali, la sivyo ekseli hushindana zenyewe kwa zenyewe na gia huumia, basi usilipe kabla hujajua zitapatikana wapi.

Halina pia nguzo ya kumkinga dereva likipinduka. Kwenye miteremko ya Njoro hilo si jambo la kupuuza, na fremu ya kuchomelewa na fundi yeyote, ambayo haijapimwa, siiamini. Upande wa shamba unaoteremka mtoni sikati nyasi kwa trekta.

Mtu ambaye kazi yake kubwa ni kutifua ardhi ngumu, hasa ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare za Kano, Kisumu, ukiwa mkavu, sitamshauri alichukue; atafute lenye farasi 45 au zaidi, au aendelee kukodi na aweke akiba. Mwenye ekari chini ya tatu nadhani mtambo wa injini unaoongozwa kwa mikono, wenye magurudumu mawili, utamtosha, na pesa atakazobakiza zitamnunulia ng'ombe. Anayelima kama mimi, mahindi kidogo, nyasi, miti ya matunda na samadi ya kubeba, alichukue, mradi alipime kwa kilo kwanza. Tairi za nyuma za langu nimezijaza maji hadi robo tatu, na mchomeleaji ananitengenezea chuma cha kilo 60 cha kutundika puani. Hata hivyo, dereva wa trekta kubwa nimekwisha kumpa malipo ya awali ya Januari.