Kozi ya Kiingereza kwa Njia ya Safari na Sherehe, Kampala: Inamfaa Nani?

Jijini Kampala hakuna uhaba wa madarasa ya Kiingereza. Nsambya, Katwe na Ndejje, mitaa ambayo Kiswahili cha Kongo na cha Burundi husikika tangu alfajiri, zimejaa mabango ya walimu wanaoahidi kumfanya mgeni azungumze Kiingereza kwa muda mfupi. Kozi ninayoiandikia tathmini hii, ambayo sisi wanafunzi tuliizoea kwa jina la kozi ya safari, haitoi ahadi hiyo. Jioni za katikati ya wiki mnasoma darasani kama kawaida, na baadhi ya Jumamosi mnapanda teksi iliyokodiwa kwenda kwenye shughuli ambayo wengi wenu hamjawahi kuiona: karakana ya nguo za magome, uwanja wa tohara, ukumbi wa ngoma, nyumba ambayo mgeni hupewa jina jipya. Nilisoma ngazi ya kati, na nawaandikia wale wanaojiuliza kama ada yake, inayokaribia mara mbili ya darasa la kawaida la jioni, ina thamani. Jibu langu ni kwamba ina thamani katika zile safari tu ambazo mkalimani amepatikana mapema.

Kiingereza ni lugha rasmi ya Uganda, lakini shughuli zenyewe haziendeshwi kwa Kiingereza. Mbale watu huimba kwa Kigisu, Mpigi fundi huzungumza Kiganda, na Fort Portal bibi anayekukaribisha atakusalimu kwa Kitooro. Mwanafunzi akishushwa katikati ya umati bila mtu wa kumweleza, haambulii Kiingereza chochote. Anarudi Kampala na picha za simu. Panapokuwa na mwenyeji mvumilivu, anayekubali kukatizwa na watu wanaotafuta neno kwa nusu dakika nzima, mambo hubadilika kabisa.

Safari ya Mpigi ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote. Darasani tulikuwa tumefundishwa kauli ya kutendwa, somo ambalo vitabuni huchosha kwa mifano yake ya barua zilizoandikwa na madirisha yaliyovunjwa. Karakanani kauli hiyo ilipata kazi. Gome la ndani la mti wa mutuba hubanduliwa wakati wa mvua, na shina lililoachwa wazi hufungwa kwa majani ya mgomba, nalo likaotesha gome jipya. Gome lililobanduliwa hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, za mifereji mipana zikitangulia na za mifereji myembamba zikifuata, hadi liwe laini na pana. Fundi alisimama kila baada ya hatua, mkalimani akauliza ni nini kilichofanywa, na mmoja wetu akajibu kwa sentensi kamili. Mama mmoja wa Bukavu, muuza vitenge, aliuliza kwa Kiingereza chake kwa nini kazi inafanyika bandani badala ya juani. Alipojibiwa kwamba gome halitakiwi kukauka haraka, aligeuka na kuwaeleza waliosimama nyuma bila kuombwa na mtu.

Ufundi huo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 na kuingizwa katika orodha ya turathi zisizoshikika mwaka 2008. Mkalimani alituambia kwamba katika karne ya 19 ulidhoofishwa na pamba iliyoletwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani. Taarifa hiyo ilizua ubishi mkali garini, kwa kuwa misafara hiyohiyo ndiyo iliyotufikishia Kiswahili kule kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo, na ubishi huo ulifanyika kwa Kiingereza, kibovu, lakini Kiingereza.

Siku hiyohiyo tulifika Kayabwe, mahali ambapo barabara ya Masaka inavuka Ikweta. Kijana mwenye mabeseni huonyesha watalii kwamba maji huzunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari, upande wa pili kusini, na kwamba juu ya mstari wenyewe hushuka bila kuzunguka. Kisayansi onyesho hilo halisimami, kwani athari ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kwa beseni, na mwelekeo wa maji hutokana zaidi na namna yalivyomiminwa. Nilidhani mwalimu angelinyamazia. Badala yake, katika kipindi kilichofuata, alitugawa pande mbili, mmoja wa kumtetea kijana na mwingine wa kumpinga, kwa sentensi za masharti peke yake. Hicho ndicho kipindi bora cha darasani nilichopata katika kozi nzima.

Kuhusu imbalu nina mashaka zaidi. Tohara hii ya Wagisu hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na uzinduzi wake huwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale. Sisi tulipelekwa mwaka 2024. Maandalizi yalikuwa mazuri. Tulijua mapema kwa nini vijana hupakwa unga wa ulezi, kwa nini hucheza kwa siku kadhaa wakizunguka kwa jamaa zao huku njuga zikilia mapajani, na kwamba wakati wa kukatwa kijana husimama wima mbele ya watu bila kutikisika. Mwalimu alipiga marufuku simu, na nampongeza kwa hilo, maana kijana aliye katika saa hiyo si maonyesho ya wageni. Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa: magari mawili, mkalimani mmoja. Waliokuwa gari la pili walizungumza Kiswahili siku nzima, na watu wa Mbale, ambao mpaka wa Kenya hauko mbali nao, waliwajibu kwa Kiswahili bila taabu. Ilikuwa safari ya kupendeza, ila si hiyo iliyolipiwa.

Safari mbovu kuliko zote ilikuwa ya tamasha moja kubwa la muziki kando ya Nile, upande wa Jinja. Spika zilikuwa zikinguruma kiasi kwamba hata jirani yako humsikii, na zoezi tulilopewa la kuwahoji watu watano lilikufa kabla ya kuanza.

Fort Portal, tulikopewa empaako, yale majina ya heshima ya Watooro na Wanyoro ambayo jumla yake ni 12, ilitufaa kwa salamu na kwa kujitambulisha. Mimi niliitwa Atwoki. Jumapili jioni katika ukumbi wa Ndere, Kampala, ilitufaa zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu kila ngoma hutanguliwa na maelezo ya Kiingereza yenye mzaha mwingi, na mtu akicheka pamoja na ukumbi anajua kwamba ameelewa.

Kwa upande wa fedha, ada haijumuishi viingilio wala chakula, na hilo halikusemwa waziwazi siku ya kujiandikisha, hivyo wanafunzi wenye vipato vidogo walibaki kutazama wenzao wakila rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, kando ya barabara. Cheti cha mwisho ni cha kozi yenyewe tu. Anayeomba chuo cha nje atahitaji kufanya mtihani wa kimataifa wa Kiingereza kama IELTS, na kozi hii haimwandai kwa kuandika insha. Mkimbizi abebe kitambulisho chake katika kila safari.

Kozi inamfaa mtu ambaye tayari anaweza kuunda sentensi ila anaona haya kufungua kinywa, na haimfai anayeanza kabisa. Kabla ya kulipa, omba ratiba ya muhula mzima na uulize ni nani atakayekuwa mkalimani wa kila safari. Ukijibiwa kwamba atapatikana hukohuko, subiri muhula mwingine.